Mlinzi Alisema Anadhani

Wifi yangu alisimamishwa kazi siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kwa barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Kiingereza. Barua ile niliichapa mimi. Na neno lililomponza, neno ambalo mlinzi hakulisema, nililiweka mimi pia.

Naanza na hilo makusudi. Kila nikiisimulia habari hii najikuta napiga chenga, naanza na moto, naanza na meneja, naanza na joto la siku ile, ili mradi nichelewe kufika kwangu mwenyewe.

Tulikuwa tunafanya kazi kiwanda kimoja, cha kushona sare: za wauguzi, za wanafunzi, za wapishi wa hoteli. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliingia pale wiki moja, wote kwenye mashine. Yeye baadaye akahamishiwa chumba cha kupiga pasi kwa sababu ni mrefu na ana mikono isiyochoka. Mimi nilikaa kwenye mashine mpaka siku lilipoletwa boksi la mashine mpya, mafundi wawili wakawa wanaukodolea macho mwongozo wake wa Kiingereza kama watu wanaosubiri uwaamkie. Nikausoma kwa sauti, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Wiki iliyofuata nilikuwa ofisini, nje ya mlango wa meneja, kwenye meza yenye kompyuta, simu, na feni iliyogoma kugeuza shingo.

Wifi ndiye aliyenibatiza Bi Kamusi. Alianza yeye, chumba cha pasi kikadaka, na kabla ya mwezi kuisha kiwanda kizima kilikuwa kinaniita hivyo. Akinikuta kwenye foleni ya chai, anapaza sauti: "Jamani, mpisheni Bi Kamusi! Bi Kamusi, hebu tuulizie huko kwa wakubwa, uchovu kwa Kiingereza unalipwa?" Watu wanacheka mpaka chai inamwagika. Nami nilicheka. Lakini nikirudi mezani kwangu kicheko kile kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilijiambia ananionea wivu. Sikuwahi kumuuliza.

Moto ulitokea Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana. Kengele ililia, wanawake wote wa chumba cha pasi wakatoka. Dakika kama ishirini hivi baadaye moshi ukaanza kupita chini ya mlango. Meza ya nne ilishika moto, meza ya wifi yangu, na kando yake zilikuwepo sare mia tatu za wauguzi zilizokwisha pigwa pasi na kukunjwa. Ziliungua zote. Mama mmoja wa kitengo cha kupaki aliingia akidhani kuna mtu ndani, akavuta moshi, akalazwa siku tatu. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini Jumatatu ile hakuna aliyejua kama angepona, na kila mtu alikuwa anatafuta jina la kulitaja.

Siku iliyofuata akaja mkaguzi wa kampuni ya bima. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na hakujua hata neno moja la Kiswahili. Meneja aliniita.

"Utatafsiri wewe," akasema. "Halafu utaandika maelezo ya kila shahidi kwa Kiingereza, wasaini."

Meneja alikuwa na miezi mitano tu pale. Hakujua kwamba yule dada wa meza ya nne ni wifi yangu. Ilinipasa kusema, pale pale, kabla mlango haujafungwa: Bosi, huyo ni ndugu yangu, tafuta mtu mwingine. Nikavaa miwani ya mbao. Nilisema, "Sawa, bosi," nikachukua daftari na kalamu mbili.

Tulikaa stoo ya vitambaa, katikati ya marobota, maana ndiko kulikokuwa na utulivu. Mkaguzi alikaa kwenye kiti, mashahidi kwenye benchi, mimi katikati yao kwenye kigoda. Wanawake wa pasi waliingia mmoja mmoja. Kila mmoja alisema alizima pasi yake. Wifi aliingia wa nne. Alinikonyeza kidogo alipokaa, kama kusema: leo ndiyo siku yako. Kisha akanyoosha mgongo na kumtazama mkaguzi usoni.

"Nilizima," alisema. "Nakumbuka vizuri. Taa nyekundu ilizimika, nikatoka. Nilikuwa wa mwisho kwa sababu nilikuwa natafuta kandambili yangu moja."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akamshukuru. Wifi alipotoka nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeruka dimbwi bila kuchafua nguo. Wakati huo huo wasiwasi ukaniingia. Je, nimetafsiri kwa sauti ya upole mno? Je, huyu bwana akija kusikia kwamba ni wifi yangu, si atasema nimempamba? Wazo hilo likanishika na halikuniachia.

Wa mwisho alikuwa mlinzi. Mzee wa makamo, wa lindo la mchana, mtaratibu, ambaye kila asubuhi hunifungulia geti na kuniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa umri wao. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Nilikuwa napita upande wa madirisha, mwanangu," alianza. "Kengele imelia, wenzake wameshatoka. Nikamwona wa mwisho anatoka. Alinipa mgongo. Nadhani ni yule dada mrefu. Na ile pasi, nilivyoiona pale mezani, ilikuwa bado inafuka mvuke. Nadhani hakuizima."

Mkaguzi akanigeukia, vidole juu ya kompyuta yake ndogo, akisubiri.

Alisema "nadhani" mara mbili. Nilizisikia zote mbili. Ni neno ambalo mtu anaingia nalo taratibu, mkono mmoja bado kwenye kitasa cha mlango ili aweze kutoka. Na Kiingereza kina maneno ya namna hiyo, tena mengi, nilikuwa nayajua. Lipo "guess", la mtu anayebahatisha. Nililiona la mzaha mno kwa karatasi ya bima. Lipo "suppose", la mtu asiye na uhakika, anayekubali tu jambo liwe hivyo kwa sasa. Hilo ndilo lililokuwa karibu kabisa na alichosema mzee. Lipo "think", la kila siku, ambalo lingetosha na kubaki. Lakini mwalimu wetu wa Kiingereza wa zamani alikuwa akilikata kwa kalamu nyekundu kila tulipolitumia, anasema ni neno la wavivu. Na lipo "believe", la mtu anayeamini, aliyekwisha ingia ndani na kufunga mlango nyuma yake.

Mkaguzi alitabasamu. "Usiwe na haraka," akaniambia. "Kiingereza chako ni kizuri sana. Sijakutana na mkalimani mzuri hivi kwa muda mrefu."

Nikaona aibu ya furaha usoni. Nikanyoosha mgongo. Nikasema mlinzi anaamini kwamba yule mwanamke mrefu hakuzima pasi. "Believes," nikasema, nikalitamka vizuri, mpaka herufi ya mwisho.

Najua nikiishia hapo itasikika kana kwamba ni kwa ajili ya kusifiwa tu. Nimejichunguza sana. Kusifiwa kulikuwepo. Hofu ya kuonekana nampendelea ndugu ilikuwepo. Na chini kabisa, mahali ambapo sipendi kuinama kutazama, kulikuwa na foleni ya chai na vicheko. Yote matatu yalishika kalamu pamoja.

Na bado nafasi ya kurudi nyuma nilipewa. Mkaguzi aliinua macho. "Anaamini? Hilo ni neno zito. Tafadhali muulize kama ndivyo anavyomaanisha."

Kama ningemuuliza vizuri, habari ingeishia hapo. Ningemwambia: Mzee, una uhakika kiasi gani? Badala yake nilimgeukia nikasema, "Mzee, anauliza hivi: unaamini kwamba hakuizima?"

Mlinzi alinitazama mimi, akamtazama mgeni, akaigeuza kofia yake. Alikuwa mtu wa heshima. Hakuwa mtu wa kubishana na watu wenye kompyuta.

"Haya," akasema. "Kama mnaona hilo ndilo neno linalofaa, mwanangu, basi naamini."

"Amesema ndiyo," nikamwambia mkaguzi.

Jioni ile nilichapa maelezo. Mzee hakujua kuandika, akaweka dole gumba mahali nilipomwonyesha. Nilimshikia kisahani cha wino. Alifuta kidole kwa karatasi niliyompa, akanishukuru.

Mkaguzi aliandika ripoti yake fupi: chanzo ni uzembe wa mfanyakazi, yupo shahidi wa kuaminika. Hakukuwa na haja ya kuchunguza zaidi. Kesho yake, Jumatano, meneja alinipa barua niichape. Nilifika kwenye aya ya pili. Lile neno lilikuwa pale, mara mbili, kama nilivyolizaa. Nikalichapa. Saa nne msimamizi alimpelekea wifi barua, na kupitia kioo cha ofisi nikamwona anavuka uwanja na mfuko wake wa nguo za kubadilisha, bila haraka, kichwa juu. Hakutazama upande wangu. Nafikiri hakutaka nipate shida.

Alhamisi, kabla jua halijazama, alikuja nyumbani. Nilikuwa jikoni na mume wangu alikuwa sebuleni anarekebisha mguu wa kiti. Wifi alikaa chini kwenye mkeka, akachomoa barua kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa ameihifadhi vizuri, haikuwa hata na kunyanzi.

"Bi Kamusi," akaniita, lakini safari hii bila kicheko. "Njoo unisomee. Nimeambiwa maana yake ni kwamba nimesimamishwa, basi. Nataka kujua wanasema nimefanya nini. Nisomee yote, usinirukie hata nukta."

Nilifuta mikono kwenye kanga, nikaichukua. Nilisoma taratibu, natafsiri nikisoma. Tarehe. Namba ya faili. Kwamba moto ulitokea. Kwamba mashahidi walihojiwa. Nikafika aya ya pili.

"Mlinzi aliyepita upande wa madirisha," nikasema, "anadhani kwamba... anadhani hukuizima pasi."

"Anadhani," wifi akarudia. Akamtazama kaka yake. "Umesikia? Mtu anadhani tu, kwa mbali, dirishani, na mimi natolewa kazini! Miaka saba! Hivi kudhani siku hizi ni ushahidi?"

"Haiwezekani," mume wangu akasema. "Lazima kuna kingine. Endelea kusoma."

Niliendelea. Hakukuwa na kingine. Kingine kilikuwa mdomoni mwangu. Nilikuwa nimelipandisha neno nikienda kwa Kiingereza, na sasa nililishusha nikirudi kwa Kiswahili, na mtu aliyekaa mkekani hakuwa na namna ya kujua kwamba njiani kuna mtu anamchezea.

Wifi aliikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile. "Asante, wifi yangu," akasema. "Bora wewe upo. Ningepeleka kwa nani?"

Usiku sikula vizuri, nikasingizia kichwa.

Wifi si mtu wa kukaa akalia. Jumamosi alimfuata mlinzi nyumbani kwake. Mlinzi alimkaribisha, akamwambia bila kusita: mimi nilisema nadhani, binti yangu, maana ulinipa mgongo. Jumatatu wifi alikwenda kwa katibu wa chama cha wafanyakazi, mwanamume mnene mwenye ofisi ndogo iliyojaa mafaili, anayesoma Kiingereza bila shida. Katibu akaisoma barua, akamwambia: hapa pameandikwa mlinzi anaamini.

Haya nilisimuliwa na katibu mwenyewe. Alinikuta kantini Jumanne, wakati wa chai, akaniomba tukae pembeni. Nilijua. Nikaweka kikombe chini.

"Dada, kuna jambo linanitatiza," alisema kwa sauti ya chini. "Mlinzi anasema alidhani. Barua inasema anaamini. Nilimwambia wifi yako: pengine mkalimani ndiye aliyekosea. Unajua alinijibu nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Alinijia juu! Karibu anipige na faili. Akasema, 'Mkalimani ni wifi yangu mimi, na Kiingereza chake hakina doa. Kiwanda kizima kinamwita Kamusi, jina hilo nimempa mimi mwenyewe. Wifi yangu aliandika ilivyosemwa, na aliponisomea alinitajia neno alilolisikia mwenyewe. Wamebadilisha huko juu, hao wakubwa. Wewe usimguse wifi yangu.'" Katibu akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka aliponiona. "Kwa hiyo nimekuja kukuuliza wewe. Nani amebadilisha?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pale pale na meza na kikombe. Miaka yote ile nilihesabu kila mzaha wake kama jiwe, na kumbe alikuwa anatembea na jina langu kifua mbele, anawaringia watu. Alikuwa amenitetea kwa sauti ya juu mbele ya mtu mwenye elimu, kwa kosa langu, dhidi ya ukweli.

"Nipe mpaka kesho," nikamwambia katibu.

"Sawa," akasema. Alishajua. Aliondoka bila kumaliza chai yake.

Jioni nilimweleza mume wangu. Nilieleza nikiwa nimesimama mlangoni, maana nilihisi sistahili kukaa. Hakupaza sauti. Aliniuliza jambo moja tu: "Na siku ile ulipomsomea, hapa, mbele yangu, ulijua?"

"Nilijua."

Alishika kichwa. Kisha akasema, "Nenda kamwambie. Mimi sikusindikizi."

Kwa wifi ni mtaa wa pili. Niliufikia mlango wake, nikasimama, nikasikia anaongea na mwanawe ndani kuhusu hesabu za shule, nikageuza. Nitakuwa mkweli: sikupiga hodi. Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Niliona kuandika ni rahisi kuliko kusema, kama ilivyokuwa siku zote kwangu. Asubuhi yake nilichapa barua tatu zenye maneno yale yale: moja kwa meneja, moja kwa mkaguzi, moja kwa katibu. Niliandika kwamba shahidi alitumia neno "nadhani", kwamba mimi nilitafsiri kwa neno zito kuliko alilosema, kwamba nililijua zito, kwamba nilimwongoza shahidi mpaka akakubali, na kwamba anayetuhumiwa ni dada wa mume wangu na sikusema. Nikasaini.

Meneja aliisoma amesimama. "Unafahamu," akasema, "kwamba umenifanya nionekane mjinga mbele ya watu wa bima?" Kati ya watu niliowakosea, yeye alikuwa wa mwisho kwenye foleni, lakini alikuwemo.

Kikao kilifanyika wiki mbili baadaye, kantini, meza zikiwa zimesogezwa ukutani. Mkaguzi alirudi. Safari hii mkalimani alikuwa mwalimu wa sekondari aliyeletwa na chama, mwanamke kijana mwenye sauti kavu. Mlinzi aliulizwa upya. Mwalimu alimwuliza polepole: uliona nini, na kipi hukuona lakini ulikifikiria? Mlinzi akajibu kwamba aliona mgongo na mvuke. Basi. Mengine alidhani. Alipomaliza alinitazama kwa huruma, kama vile yeye ndiye aliyeniletea matatizo.

Kisha nikaitwa mimi. Nilisimama mbele ya wanawake wote wa pasi, wa mashine, wa kupaki. Hata yule mama aliyelazwa alikuwepo, amejifunika kanga mabegani. Nilisema yote kwa Kiswahili. Nilieleza maneno manne ya Kiingereza niliyokuwa nayo, na lipi nililichagua. Nilieleza hata ile barua, jinsi nilivyoisoma mkekani.

Wifi alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza. Katibu alikuwa amenishauri nimwambie mapema, mara mbili alinishauri, na mara mbili nilisema kesho.

Mwenyekiti wa kikao aliuliza kama kuna mwenye swali. Wifi akainuka. Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana.

"Nina swali moja kwa wifi yangu," akasema. "Mlinzi alidhani. Karatasi ikasema aliamini. Sawa, hayo ni ya mlinzi. Wewe mwenyewe je? Siku ile unanisikia nasema nimezima. Wewe ulidhani nimeiacha pasi, au uliamini nimeiacha?"

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa la kujificha.

"Sikudhani wala sikuamini," nikasema. "Nilipokuwa nachagua lile neno, sikukufikiria wewe hata kidogo. Nilikuwa najifikiria mimi."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari. Akakaa.

Kwa kuwa ripoti ya kwanza ilibatilishwa, mkaguzi aliagiza pasi zote zichunguzwe. Fundi umeme alizifungua moja moja juu ya meza ya kantini. Ile iliyoungua haikuwa na cha kusema, ilikuwa donge. Lakini kati ya zilizobaki tatu zilikuwa na swichi mbovu: ukizima, taa nyekundu inazimika kama kawaida, moto ndani unaendelea kuwaka. Fundi alituonyesha. Alizima, taa ikafa, akasubiri, akadondoshea maji, maji yakachemka. Wanawake wa pasi walitazamana. Walikuwa wamezitumia pasi hizo kwa wiki tatu tangu moto, wanazizima, wanatoka kwenda kula, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa imeshamaliza uchunguzi.

Hilo hakuna aliyenisuta nalo. Nilijisuta mwenyewe, na ninaendelea.

Wifi alirudishwa kazini Jumatatu iliyofuata, kwa barua ya Kiswahili, na chumba cha pasi kilimpokea kwa vigelegele vilivyosikika mpaka getini. Mimi meneja alinitoa ofisini. Hakunifukuza, katibu alimwomba, na nadhani wifi naye alisema neno, ingawa sitawahi kumuuliza. Nilirudi kwenye mashine, kitengo cha vifungo. Kazi ya vifungo ina mema yake: kikiwa kimekosewa kinaonekana, na unakikata unaanza tena.

Nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwake, safari hii nikapiga hodi. Alinikaribisha, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho. "Yameisha, wifi," akasema. Tukaongea kuhusu watoto. Tangu hapo akinikuta kazini ananisalimia vizuri, kwa heshima zote, habari za asubuhi, habari za nyumbani. Kwenye foleni ya chai hanitanii tena. Hakuna anayeniita Bi Kamusi. Sikujua mtu anaweza kulikosa jina alilokuwa akilichukia.

Mwezi uliopita alikuja kwetu Jumapili kumletea kaka yake dawa ya mgongo. Aliweka mkoba wake mezani, na daftari likateleza nje likafunguka, jipya, lenye jalada la bluu. Kumbe ameanza masomo ya jioni kwa yule mwalimu wa sekondari, mara mbili kwa wiki, baada ya kazi. Hakuniambia, nililiona tu. Ukurasa ulikuwa wazi, umejaa sentensi za Kiingereza kwa mwandiko wake mkubwa wa kuegemea kushoto, na katika sentensi ya tatu kulikuwa na kosa dogo la herufi moja, kosa ambalo ningeweza kulisahihisha kwa sekunde.

Wifi aliyafuata macho yangu mpaka yalipoishia. Akanyoosha mkono, taratibu, bila hasira, akalifunga daftari na kulirudisha ndani ya mkoba.